Rimu ya mbele kushoto

Mteja wa kisa hiki analala Dodoma siku tano na Morogoro siku mbili. Ni mtumishi wa serikali, alihamia huku na wizara yake, familia ikabaki Morogoro kwa ajili ya shule za watoto. Ijumaa alasiri anatoka Mtumba na kushika barabara, Jumapili usiku anarudi, na Jumatatu asubuhi mdogo wake analileta gari kwetu Ipagala kuoshwa. Ni kilomita kama 260 kwenda na nyingine 260 kurudi, kila wiki. Niliwahi kumuuliza kwa nini asipande treni ya umeme, maana tangu 2024 inafika Dodoma. Akacheka: "Kaka, magunia ya mahindi ya Kibaigwa nitayapakata?"

Gari lake ni jeupe. Mwezi wa tano alilivalisha rimu mpya nyeusi za inchi 17, zile zinazong'aa mpaka unajiona. "Nimechoka na za fedha," aliniambia. "Nyeusi hazionyeshi uchafu." Sikumbishia. Mtu akija na furaha ya kitu kipya sioni faida ya kumkatisha, ila kwa Dodoma imani hiyo hudumu mpaka Jumatano. Udongo wetu ni mwekundu, na mahali pengine ni kahawia iliyopauka, na upepo wa Juni hadi Septemba haubishi hodi. Rimu ya fedha hulificha vumbi hilo vizuri tu. Nyeusi hulianika kama unga uliomwagikia kaniki.

Kwa hiyo lalamiko nililitarajia. Nililolipata lilikuwa tofauti kidogo na nililolitarajia, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, akanitumia picha kwa simu. Rimu moja tu: ya mbele kushoto. "Kaka, hii vijana wako wanaogopa kuigusa?" Kweli, ilikuwa na utando wa kijivu unaoelekea ukahawia, umeganda kwenye kona za ndani na kuzunguka nati. Gari lilikuwa limeoshwa jana yake. Nikamwomba anipigie picha na nyingine tatu. Zilikuwa na vumbi la kawaida la siku moja, ungeweza kulipuliza kwa mdomo.

Hapo nilikosea, na kosa lenyewe ni la wengi tunaofanya kazi hii. Niliona mbele yangu suala la kuosha, kwa sababu mimi naosha. Nikawasema vijana. Jumatatu iliyofuata mmoja wao, kwa uchungu wa kusemwa, akachukua sabuni ya unga na waya wa kusugulia sufuria, akaishughulikia ile rimu mpaka ikatakata. Kisha akaifuta kwa kitambaa chenye dizeli ili iwake. Mteja alifurahi sana. Siku mbili baadaye picha nyingine ikaingia, utando umerudi vilevile, na safari hii rimu ilikuwa na udongo mwekundu umenasa juu yake kama imepakwa asali. Dizeli ndiyo iliyounasa. Ule mng'ao unaodumu nusu siku ni mafuta, na mafuta hukaribisha kila kinachopeperuka. Dawa za tairi zenye silikoni nazo hufanya hivyohivyo zikirukia rimu, sema hizo angalau zina harufu nzuri.

Jumatatu ya tano nikachuchumaa mwenyewe kabla mtu hajafungua maji. Nikalowesha kitambaa cheupe, nikafuta rimu ya mbele kulia. Kikatoka na rangi ya tofali. Nikageuza upande safi, nikafuta ya kushoto. Kikatoka cheusi, weusi wa masizi ya sufuria ya kuni, na nilipokisugua katikati ya vidole nilisikia chengachenga ndogo zinakwaruza. Nikarudia kwa zile za nyuma: tofali, tofali.

Sasa fikiria pamoja nami. Gari ni moja. Barabara ni ileile, udongo uleule, maji yaleyale, vijana walewale. Kama tatizo ni uoshaji au upepo, lingekuwa kwenye rimu zote nne. Kama ni breki kwa maana ya kawaida, lingekuwa kwenye zote mbili za mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito husogea mbele na breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi. Rimu za mbele kuchafuka kuliko za nyuma ni jambo la kila siku. Ya kushoto kuchafuka kuliko ya kulia si la kila siku. Kuna kitu kwenye mguu ule.

Niseme kidogo kuhusu masizi yenyewe, maana wengi huyaita vumbi na kuyachanganya na la barabarani. Diski ya breki ni chuma cha kusubu. Pedi ni mchanganyiko uliogandishwa kwa gundi ngumu, ndani yake mna vumbi la madini, kaboni, na kwenye pedi nyingi za bei ya kawaida mna vipande vya chuma pia. Kila unapokanyaga, vitu hivyo viwili vinasagana, na unga wake unarushwa ukiwa wa moto. Ukitua kwenye klia ya rimu, lile tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi, haukai juu kama udongo, unajishikiza. Ukipata maji, chuma kilichomo kinashika kutu, kutu inavimba, na kila chembe inajichimbia kishimo chake. Ndiyo maana baada ya wiki kadhaa unaona vidoa vya rangi ya chungwa ambavyo hapa Dodoma kila mtu anadhani ni udongo. Udongo ukimwagiwa maji huondoka. Vile havibanduki.

Na barabara ya Morogoro inausaga unga huo kwa bidii. Buigiri, Mbande, Kibaigwa, Pandambili, Gairo: kila kijiji kina kibao cha 50, vingi vina matuta, na chini ya kivuli hukosi kumwona trafiki na tochi yake. Unatoka 80 unashuka 50, unapanda, unashuka tena. Halafu kuna mteremko wa kutoka Gairo kuelekea Dumila ambao watu wengi huushuka mguu ukiwa juu ya breki badala ya kuiachia injini ifanye kazi. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya Euro 7 iliyopitishwa 2024, kwa mara ya kwanza umeweka ukomo wa chembe za breki: miligramu 7 kwa kilomita kwa magari ya kawaida, 3 kwa yale ya umeme. Nilipiga hesabu kwa safari ya mteja wangu. Kilomita 520 kwa kiwango hicho ni gramu 3.6 za chembe laini tu, karibu kijiko cha chai cha sukari. Kila wiki. Gari lake halikutengenezwa kwa kanuni hiyo.

Nikampigia. "Dada, Jumapili ukiingia mjini usipitie nyumbani kwanza. Njoo moja kwa moja, na usiloweshe chochote." Akaja saa mbili kasoro usiku. Kabla hajazima injini nilikuwa nimeshapeleka kiganja karibu na rimu ya kulia, bila kugusa. Joto la kawaida la gari lililotoka mbali. Nikaenda kushoto, na nikaurudisha mkono nikiwa bado sijafika. Kulikuwa na kaharufu pia, kama plastiki iliyokaribiana na jiko. Mteja aliposikia hilo akasema, "Kumbe! Mimi nilijua ni lori lililokuwa mbele yangu." Nilimuuliza kama gari linavuta upande. Akafikiri. "Nikiachia usukani linakwenda kushoto kidogo. Nikajua ni barabara."

Nawasihi wenzangu wa kuosha: mkikuta diski imepata moto namna hiyo, msiimwagie maji. Chuma cha moto kikipigwa na maji ya baridi kinaweza kupinda, na hapo mtakuwa mmenunua kesi. Tuliliacha lilale.

Asubuhi tukamwita fundi breki wa jirani. Akapiga jeki mbele, akazungusha tairi la kulia kwa mkono: likaenda mizunguko miwili na kitu, likasimama taratibu. La kushoto likaenda nusu mzunguko, likakwaruza, likagoma. Hakusema neno, akafungua nati.

Kalipa, yaani kile kibano kinachoshika pedi na kuzibana kwenye diski, za gari hili ni zile zinazoelea. Pistoni iko upande mmoja tu, wa ndani. Inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta ya nje ije kubana upande wa pili. Ukiachia breki, kalipa inarudi kwenye pini hizohizo. Pini zikigoma, hakuna kurudi. Pedi inabaki inalamba diski kuanzia Dumila mpaka Ipagala.

Fundi alizing'oa pedi akaniwekea kiganjani. Ya nje ilikuwa bado na milimita 8 hivi za nyama. Ya ndani ilikuwa na 3, na imekwenda upande kama kisigino cha kiatu cha mtu mwenye matege. Pini ya chini ilitoka kwa kugongwa. Buti yake, kile kifuniko cha mpira kinachoikinga na vumbi, ilikuwa imepasuka, na ndani, mahali pa grisi, kulikuwa na ugoro: vumbi jekundu lililochanganyika na grisi iliyokauka likawa unga mzito. Udongo wa Dodoma ulikuwa na hatia kweli, sema haukuwa kwenye rimu. Ulikuwa kwenye pini.

Buti ilipasuka lini? Fundi alihisi ni siku pedi zilipobadilishwa, kabla ya rimu mpya, mahali fulani njiani. Mtu aliifungua kalipa kwa haraka, akaikwaruza buti kwa bisibisi, akafunga, akasepa na pesa yake. Pedi zenyewe zilikuwa hazina maandishi yoyote mgongoni, hata jina. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Lakini rimu za fedha za zamani ziliondoka na ushahidi wake, na hizi nyeusi zilichofanya ni kuutangaza tu.

Matengenezo hayakuwa makubwa. Pini zilisafishwa zikang'aa, buti mpya nne kwa pande zote mbili, grisi ya silikoni ya breki. Hapa nilimwona fundi akipoteza subira na kijana wake aliyetaka kupaka grisi ya beringi. Ile ni ya mafuta ya petroli, mpira wa breki ukiguswa nayo unavimba, na miezi mitatu baadaye pini imegoma tena. Pedi zilibadilishwa kushoto na kulia pamoja, maana ukibadilisha upande mmoja gari litavuta. Diski zilipimwa. Unene wa chini unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe, na hizi zilikuwa bado zina uhai. Kitu kingine nilichomsihi fundi ni kutopuliza masizi kwa hewa ya kompresa. Unga ule ukiingia kifuani hautoki kama ulivyoingia, na pedi isiyo na jina hujui ina nini. Akafuta kwa kitambaa kibichi, kwa shingo upande.

Kuhusu aina ya pedi, mteja alichagua za seramiki. Ni ghali zaidi. Unga wake ni mchache na umepauka, haugandi kama ule wa pedi zenye chuma kingi, na kwa mtu mwenye rimu nyeusi ndiyo pesa inayorudi haraka kuliko dawa yoyote ninayoweza kumuuzia. Kwa anayebeba mzigo mzito na kushuka milima kila siku ningesita kidogo, kwa sababu zenye chuma huvumilia joto kali vizuri. Gunia mbili za mahindi si mzigo mzito.

Baada ya hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, na niliifanya mwenyewe.

Rimu zikiwa zimepoa, kivulini, nilianza na maji ya presha kuondoa udongo wote. Udongo ukibaki, unachosugua nao ni msasa. Kisha sabuni ya gari kwenye ndoo ya rimu peke yake, ndoo ambayo haigusi bodi kamwe, na brashi laini. Rimu ya kushoto ikawa safi kwa macho. Ukipitisha kidole bado ilikuwa kama ulimi wa paka. Hapo ndipo inapoingia dawa ya kuondoa chuma. Kiini chake ni kemikali iitwayo thioglikoleti. Inashikana na chembe za chuma na kuzilegeza bila asidi kali, na zinapolegea hugeuka zambarau. Wanaokumbuka enzi za kalikiti wataijua harufu yake mara moja, kwa sababu dawa ya kukunja nywele ilikuwa na kemikali ya ukoo huohuo. Vaa glovu, kaa upande upepo unakotoka.

Nikapuliza. Sekunde chache hapakuwa na kitu. Halafu kwenye kona za ndani kukaanza kutoka vijitone, vikaungana, vikawa michirizi, na mchirizi ukashuka kwenye rimu nyeusi mpaka chini kwenye zege, zambarau iliyokolea, kama mtu amekamua zabibu za Hombolo juu ya tairi. Vijana wote wakaacha kazi wakaja kuangalia. Rimu ya kulia ilitoa michirizi miwili mitatu. Kushoto ilibidi nipulize mara mbili. Dakika tatu hadi tano zinatosha, isikaukie hapo, kisha maji mengi. Kidole kikateleza.

Dawa haikurudisha kila kitu. Vishimo kama sita vilivyochimbwa na kutu vimebaki, unaviona ukiinama. Na mikwaruzo ya waya wetu imebaki, duara duara, ikipigwa na jua inang'aa kama utando wa buibui. Hiyo ni klia iliyokatwa, na hakuna dawa ya kuosha inayoirudisha. Nilimwonyesha mteja, nikamwambia wazi kwamba hayo ni ya kwetu. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Afadhali umesema." Kijana aliyefanya hivyo alikuwepo. Waya ule siku hizi unasugua sufuria, kama ulivyokusudiwa. Na kwa kuwa tumeingia huko: maji ya betri na dawa ya choo ambazo watu hupaka rimu ili zing'ae haraka ni mbaya kuliko waya. Asidi hupauza klia, na ikipenya mahali penye mkwaruzo inakula aluminiamu chini kwa chini mpaka rangi inainuka maganda.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa maji. Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya huku, na ukiliacha tone likauke juani kwenye rangi nyeusi linakuachia duara jeupe. Nimewahi kusafisha rimu saa nzima na kuzirudisha chafu kwa kutozikausha. Sasa suuza ya mwisho tunatumia maji ya bomba tuliyohifadhi kwenye pipa, na kitambaa kikavu kinafuata papo hapo. Doa likiwahi kukaa, siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu hulitoa, alimradi usuuze mara moja. Halafu nta, tabaka jembamba, ndani na nje ya rimu. Nta haizuii masizi kutua. Inayanyima mahali pa kushika, na safari inayofuata maji na sabuni vinatosha. Kwa mwendo wa mteja huyu tunairudia kila baada ya wiki sita au nane.

Wiki ya kwanza baada ya pedi mpya zote mbili za mbele zilichafuka kidogo zaidi ya kawaida. Hilo ni la kutarajiwa, pedi mpya zinajisaga zikae sawa na diski. Nilimwonya mapema ili nisipate picha. Wiki ya nne nilirudia kitambaa cheupe. Kulia, tofali lenye kivuli cha kijivu. Kushoto, vilevile kabisa, ungeshindwa kusema kipi ni kipi. Gari halivuti tena. Anasema hata mafuta yanakwenda mbali kidogo, na namwamini, maana alikuwa anaendesha huku amefunga breki robo.

Imebaki ile mikwaruzo. Nimekubali kulipia rimu hiyo ipigwe msasa na kupuliziwa upya, rangi na klia. Fundi rangi wa Chang'ombe ameiangalia, akaangalia na juu kwenye miti, akasema upepo huu hapana: klia mbichi na vumbi la Agosti haviwekwi nyumba moja. Tumepanga Novemba, kabla ya mvua.